Ya Leo au ya Kesho? Saladi ya Parachichi na Embe kama Mtihani wa Kiswahili

Mnunuzi anayesimama mbele ya meza ya maparachichi katika Soko la Wakulima mjini Nakuru aghalabu huulizwa swali moja hata kabla ya kutajiwa bei: "Ya leo au ya kesho?" Muuzaji haoni haja ya kueleza zaidi. Tunda la leo ni lile lililokwisha kulainika, linaloweza kukatwa na kuliwa mchana huohuo. La kesho lingali na ugumu kidogo shingoni. La kesho kutwa ni gumu kama jiwe, na atakayelinunua sharti awe na subira. Kwa maneno matano tu, muuzaji ameainisha bidhaa yake kwa kigezo cha wakati, amemwepusha mnunuzi na hasara, na ametumia a-unganifu kwa ustadi ambao mwanaisimu yeyote angeufurahia.

Katika madarasa ya shule za upili, mwanafunzi naye hufundishwa resipe kama mojawapo ya tungo za kiuamilifu. Hukariri kwamba resipe huwa na anwani, orodha ya viambato, vipimo, hatua za upishi na vitenzi vya kuamuru. Akipewa pilau au chapati ataandika bila shida, kwa kuwa mfano wake umo kitabuni. Lakini akitakiwa kueleza namna ya kutengeneza saladi ya parachichi na embe, iliyokolezwa kwa maji ya ndimu na machungwa, kalamu hukwama. Atakwama kwenye jina la tunda, atakwama kwenye kiwango cha uivu, atakwama kwenye namna ya kukata, na akifika kwenye kile kimiminika cha kutia juu atakimbilia neno la Kiingereza na kulifunga kwa alama za usemi.

Makala haya yanashikilia kwamba mkwamo huo hautokani na uchache wa maneno. Kiswahili kina karibu kila neno ambalo saladi hii inalihitaji, na mengine ni sahihi kuliko yale ya lugha zinazoazimwa. Tatizo ni kwamba maneno hayo yako sokoni, jikoni na kwenye kurasa za kamusi zisizofunguliwa, ilhali wanaokisomea Kiswahili wanayatafuta katika kamati za kuunda istilahi. Kwa sababu hiyo, sahani moja ya matunda inaweza kuwa mtihani wa haki wa lugha na wa wasomi wake.

Tunda pevu si tunda bivu

Hakuna nahau inayopendwa na waandishi wa Kiswahili kama ile ya kujua mbivu na mbichi. Hata hivyo, anayeshughulika na parachichi hugundua upesi kwamba sifa hizo mbili hazimtoshi. Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukua, hukomaa, na linaweza kuning'inia hapo kwa majuma mengi bila kulainika. Uivu huanza baada ya kuchumwa. Kwa hiyo tunda hupita hatua mbili tofauti: kwanza hupevuka mtini, kisha huiva kapuni. Kiswahili kimezitenganisha hatua hizi tangu zamani. Tunda pevu ni lililokamilika kukua. Tunda bivu ni lililo tayari kuliwa. Baina ya bichi na bivu lipo hata neno tosa, yaani tunda linalokaribia kuiva. Na kitendo cha kuyafunika matunda mapevu ili yaive kina kitenzi chake: kuvundika. Ndizi huvundikwa, maembe huvundikwa, na parachichi likiwekwa katika mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu huvundikika upesi zaidi kwa sababu ya gesi inayotolewa na ndizi hiyo.

Tofauti kati ya upevu na uivu si ya kamusi tu. Ni tofauti ya fedha. Katika Subukia, Bahati, Rongai na Njoro, wakulima wengi wamepanda Hass na Fuerte kwa matumaini ya soko la nje. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoongoza barani Afrika katika kuuza maparachichi ng'ambo, na mwezi Agosti mwaka 2022 shehena ya kwanza ya maparachichi mabichi ya Kenya ilifunga safari ya kwenda China. Bei inapopanda, wapo madalali wanaowashawishi wakulima kuchuma matunda ambayo hayajapevuka. Tunda la namna hiyo haliivi vyema hata livundikwe namna gani: hunywea, ngozi hukunjamana, na nyama huwa kama mpira. Mnunuzi wa mbali akilipokea, hasara humrudia mkulima wote wa nchi, aliyechuma mapema na aliyesubiri. Ndiyo sababu mara kadhaa katika miaka ya karibuni, mwaka unapoelekea ukingoni, mamlaka za kilimo zimesitisha usafirishaji wa Hass na Fuerte kwa meli mpaka matunda yakomae.

Sasa na afikiriwe afisa wa kilimo anayewaambia wakulima kwamba matunda yao "hayajaiva" na kwa hiyo wasiyachume. Mkulima atamshangaa, maana anajua fika kwamba parachichi haliivi mtini. Afisa akisema kwamba matunda "hayajapevuka", wote wawili watakuwa wanazungumzia jambo moja. Ataweza kuendelea na kueleza dalili za upevu: ngozi kupoteza mng'ao, na utando unaofunika kokwa kugeuka hudhurungi na kuwa mwembamba tunda la mfano linapopasuliwa. Neno moja lililochaguliwa vizuri limeokoa mkutano mzima. Asiyelijua neno hilo hana budi kuzunguka, na katika kuzunguka huko ndimo makosa yanamoingilia.

Majina mengi, tunda moja

Swali la pili ni la majina. Katika Nakuru, wengi wa wanaouza na kununua tunda hili huliita ovakado au avokado. Wanaozungumza Kikuyu huliita ikorobia, na wingi wake makorobia. Vitabu vya shule husema parachichi, neno ambalo Tanzania hulitumia hadi sokoni. Mwalimu mwenye haraka humwambia mwanafunzi kwamba parachichi ni sahihi na ovakado ni kosa, kisha hufunga mjadala.

Mjadala huo haufai kufungwa upesi kiasi hicho. Kwanza, ovakado limekwisha kupata uraia wa kisarufi. Swali la muuzaji lilikuwa "Ya leo?", si "La leo?" Soko limeliweka neno hilo katika ngeli ya I-ZI na linalipatanisha bila kosa: ovakado hii, ovakado hizi. Parachichi nalo lina nguvu zake: linaingia katika ngeli ya LI-YA, lina wingi ulio wazi, na linazaa jina la mti, mparachichi, kama vile embe linavyozaa mwembe na chungwa mchungwa. Katika maandishi yanayokusudiwa kusomwa kuanzia Njoro hadi Njombe, parachichi ndilo linalofaa. Lakini resipe itakayobandikwa katika kibanda cha chakula mtaani haitapoteza heshima kwa kuandika ovakado. Kosa halisi ni kuandika moja na kujifanya jingine halipo.

Isitoshe, lipo jina la tatu ambalo karibu limesahaulika. Orodha za majina ya miti ya Kenya huutaja mparachichi kwa Kiswahili pia kama mwembe mafuta, na tunda lake basi ni embe mafuta. Aliyelibuni jina hilo alifanya kazi ambayo kamati za istilahi hufanya leo kwa miaka mingi. Alikutana na tunda geni, lililotoka Meksiko na Amerika ya Kati, akalitazama umbo, akaliona kokwa moja kubwa katikati, akalionja na kuhisi mafuta mahali alipotarajia utamu. Akalifananisha na tunda alilolijua, akaliongezea sifa inayolitofautisha. Embe lenyewe lilikuwa mgeni aliyekaribishwa zamani zaidi kutoka Bara Hindi. Kwa hiyo, aliyekwisha kuyaita matunda haya mawili embe na embe mafuta aliyaweka katika sahani moja kabla hajatokea mpishi wa hoteli yeyote wa kuyachanganya. Saladi inayodhaniwa kuwa ya kigeni ilikuwa imeshapikwa ndani ya msamiati.

Uangalifu huohuo unahitajika kwa vikolezo. Kiambato ambacho Nakuru hukiita dhania, Mtanzania wa bara atakiita giligilani, na katika sehemu za pwani na visiwani kitaitwa kotimiri. Tofauti hiyo haina madhara, kwani mmea ni uleule. Lakini tofauti ya ndimu na limau ina madhara. Katika miji mingi ya bara la Kenya, watu hutumia neno ndimu kwa matunda yote mawili, mpaka muuzaji alazimike kuuliza kama ni ile ya kijani au ile ya manjano. Kwa Waswahili wa pwani hakuna utata: ndimu ni dogo, la mviringo, lenye ganda jembamba na ukali wa kukereketa, limau ni kubwa zaidi, lenye chuchu na ganda nene. Pwani ina pia danzi, chungwa lile chungu. Ina chenza, linalomenyeka kwa vidole. Na ina balungi, kubwa kuliko yote. Mwandishi wa resipe anayeandika "maji ya ndimu mawili" na msomaji wake akakamua malimau mawili makubwa hatakuwa amekosea tahajia, ila saladi itakuwa imeharibika.

Saladi au kachumbari?

Wapo watakaouliza kwa nini chakula hiki kisiitwe kachumbari tu. Swali lina uzito. Kachumbari, neno lililokuja na vyakula vya Bara Hindi, limekwisha kuwa la kila mtu. Hakuna nyama choma Nakuru isiyoandamana na nyanya, vitunguu, dhania na pilipili zilizokatwakatwa, na mara nyingi parachichi huongezwa humo. Embe nalo si geni kwenye ukali na chumvi: embe bichi lililopakwa pilipili ya unga na chumvi huuzwa barabarani na huliwa na watoto wa shule mpaka meno yakafa ganzi. Parachichi huliwa na githeri, hutiwa ndani ya chapati, hukatiwa juu ya wali. Viambato vyote vya saladi hii basi vimezoeleka. Kilicho kipya ni mpangilio wake tu.

Hata hivyo, maneno mawili yakiwepo ni afadhali yagawane kazi kuliko kupigana. Kachumbari hukatwa vipande vidogo au vyembamba, huwa na vitunguu na nyanya kama nguzo zake, na huliwa kama kiteremshio cha chakula kingine. Saladi huweza kuwa na vipande vikubwa, huweza kusimama peke yake katika sahani, na hukolezwa kwa kimiminika kilichotengenezwa kando. Kwa kigezo hicho, embe na parachichi zilizokatwa vipande vinavyojaza kijiko na kumiminiwa kikolezo ni saladi. Zikikatwa ndogondogo pamoja na nyanya na vitunguu vingi, zikawekwa kando ya mbuzi choma, ni kachumbari. Mkahawa unaoandika jina la chakula chake kwa Kiingereza pekee hauna kisingizio chochote cha lugha.

Kile kimiminika cha juu

Sehemu iliyobaki ndiyo inayowashinda wengi. Kile kimiminika cha ndimu, chungwa, mafuta, chumvi na asali kiitwe nani? Wapo wanaopendekeza mchuzi wa saladi. Lakini mchuzi kwa Mswahili ni kitu kilichopita motoni, na anayesoma "mchuzi" atatafuta sufuria. Wapo wanaosema sosi, neno linaloeleweka ila limekwisha kufungamana na chupa ya nyanya iliyo juu ya meza ya vibanzi. Rojo ni zito mno kwa kitu hiki chepesi.

Neno kikolezo linafaa kuliko hayo yote. Kitenzi koleza humaanisha kuzidisha: moto hukolezwa, rangi hukolezwa, hadithi hukolezwa, na chakula hukolezwa kwa chumvi au viungo. Hiyo ndiyo kazi ya kimiminika hiki hasa. Hakileti ladha mpya kabisa. Hukoleza utamu wa embe na ulaini wa parachichi. Mtu anaweza kusema kikolezo cha ndimu na chungwa, na msikilizaji ambaye hajawahi kulisikia neno hilo katika muktadha huu ataelewa kazi yake kutokana na mzizi. Istilahi inayojieleza yenyewe haihitaji semina ya kuisambaza.

Resipe yenyewe

Hoja hizi zote hazina thamani iwapo haziwezi kumfikisha mtu mezani. Kwa hiyo ifaa saladi yenyewe ielezwe, kwa watu wanne.

Yatakikana maparachichi mawili ya leo, yaani mabivu yasiyopondeka, maembe mawili mabivu lakini yenye nyama iliyoshikana, kitunguu chekundu kimoja kidogo, pilipili mbichi moja, konzi ya dhania, ndimu mbili, chungwa moja, vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya alizeti, kijiko kimoja cha chai cha asali, na chumvi. Embe la aina ya ngowe, lile refu lenye mdomo uliopinda, au la aina ya Apple lililo la mviringo, hufaa kwa sababu nyuzinyuzi zake ni chache. Nakuru kwenyewe ni baridi mno kwa mwembe, kwani mji uko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari. Lakini Bonde la Kerio, lililo chini na lenye joto, halina uhaba wa maembe, na Baringo iliyo jirani inasifika kwa asali yake. Kipindi cha Machi na Aprili ndicho kizuri zaidi, maembe yanapokuwa yangalipo sokoni na maparachichi ya msimu mkuu yameanza kupevuka.

Kitunguu hutangulia, maana kinahitaji muda. Kimenye, ukikate vipande vyembamba, ukitie chumvi na kukifikicha kidogo kwa vidole, kisha ukisuuze kwa maji baridi na kukichuja. Ukali wake utapungua bila kupotea. Kikolezo hufuata. Kamua ndimu na nusu ya chungwa katika chupa yenye kifuniko, utoe mbegu, uongeze mafuta, asali na chumvi kidogo, ufunge na kutikisa kwa nguvu. Mafuta na maji hayapatani. Hupatana kwa muda mfupi tu baada ya kutikiswa, na kwa hiyo chupa itatikiswa tena wakati wa kumimina.

Embe hukatwa kando ya kokwa. Lisimamishe, ulipasue pande zote mbili ukiliacha kokwa katikati, kisha uchanje nyama ya kila upande mistari ya urefu na ya upana bila kutoboa ganda, na kuzikwangua kwa kijiko. Nyama iliyobaki kwenye kokwa ni haki ya mpishi au ya mtoto aliye karibu. Parachichi huachwa mwisho kwa makusudi. Lizungushie kisu, ulipinde litengane, ulichopoe kokwa, na ganda uliambue kwa vidole iwapo tunda limeiva sawasawa; likikataa kuambuliwa, lilikuwa la kesho. Likate vipande vinavyolingana na vya embe, kisha ulinyunyizie kikolezo papo hapo. Nyama ya parachichi ikikutana na hewa hugeuka kahawia kwa sababu ya kimeng'enya kilichomo ndani yake, na ukali wa ndimu hupunguza kasi ya mgeuko huo.

Tandaza embe na parachichi sahanini, utawanye kitunguu na pilipili iliyokatwa nyembamba, uchambue majani ya dhania juu yake, umenye nusu ya chungwa iliyosalia na kuipanga kando, kisha umiminie kikolezo kilichobaki. Usikoroge. Pindua mara mbili kwa vijiko viwili, kwa upole, kwani parachichi likikorogwa hugeuka uji. Saladi huliwa papo hapo. Na mafuta ya parachichi yana faida nyingine isiyoonekana: husaidia mwili kufyonza ile asili ya vitamini A inayolipa embe rangi yake ya manjano.

Mtazamaji makini ataona kwamba maelezo hayo yametumia vitenzi kumenya, kuambua, kupasua, kuchanja, kukwangua, kuchopoa, kukamua, kufikicha, kusuuza, kutandaza na kupindua. Hakuna hata kimoja kilichobuniwa kwa ajili ya makala haya. Mwanafunzi anayeandika "kata" na "weka" kutoka mwanzo hadi mwisho wa resipe hana upungufu wa Kiswahili cha vitabuni. Ana upungufu wa Kiswahili cha mikononi.

Pingamizi na haki yake

Wapo watakaosema kwamba idara za Kiswahili zina mambo makubwa zaidi ya kushughulikia. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mahakama, bunge na hospitali vinasubiri istilahi. Iweje wasomi wapoteze wino kwa maembe? Mgala muue na haki umpe: istilahi za sheria na tiba zinahitajika, na wanaozifanyia kazi wanastahili shukrani.

Lakini resipe ni ndugu wa damu wa matini nyingi zenye hatari kubwa zaidi. Maelekezo ya kumpa mtoto dawa ya kikohozi, ya kuchanganya dawa ya kunyunyizia viazi, ya kumfunga aliyevunjika mguu kabla ya kufikishwa hospitalini: yote hayo yana vipimo, mfuatano, vitenzi vya kuamuru na maonyo. Anayeandika "tia kiasi" katika saladi ataandika "tia kiasi" katika dawa. Tofauti ni kwamba makosa ya saladi humalizwa kwa kicheko, na kwa hiyo jikoni ndipo mahali salama pa kujifunzia. Lugha isiyoweza kuuongoza mkono kukata parachichi haitaweza kuuongoza kufunga jeraha.

Pingamizi jingine ni la wale wanaohofia kwamba lugha ya soko itaharibu usanifu. Hofu hiyo haizingatii historia ya Nakuru yenyewe. Mji huu, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, umejengwa na watu wa lugha nyingi, nao uliumizwa vibaya na ghasia za mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008. Kinachomwezesha mama kutoka Subukia kumuuzia kijana kutoka Marigat tunda bila kumuuliza kabila lake ni Kiswahili hichohicho cha "ya leo au ya kesho". Msomi anayekidharau anadharau kazi ambayo hotuba nyingi hazijaiweza.

Kinachopasa kufanywa

Mwaka 1939 palifunguliwa huko Njoro shule ya kilimo iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton. Mwaka huohuo ilichapishwa kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson. Shamba na kamusi vina umri mmoja, lakini ni nadra kuvikuta vimeketi meza moja. Mwanafunzi wa kilimo hujua upevu wa tunda kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili hujua neno pevu ila huliona tu katika tungo zinazosifu upevu wa akili. Umbali kati ya bweni la mmoja na bweni la mwingine hauzidi mwendo wa dakika chache.

Hatua zinazohitajika ni nyepesi. Kila mwanachama wa chama cha Kiswahili anaporudi nyumbani likizoni anaweza kurejea na maneno kumi ya jikoni na kumi ya shambani, pamoja na maelezo ya nani huyatumia, wapi, na kwa maana gani. Kuuliza si ujinga. Mama muuza ovakado ni mhojiwa mwenye data safi kuliko kitabu chochote. Walimu wa resipe nao wanaweza kubadili namna ya kusahihisha. Badala ya kuhesabu anwani na vichwa vidogo, mwalimu ampe mwanafunzi wa pili karatasi ya mwanafunzi wa kwanza, pamoja na kisu, embe, parachichi na ndimu, kisha amkataze kuuliza swali lolote. Chakula kikifika mezani kama kilivyokusudiwa, mwandishi amefaulu. Kikifika kikiwa uji mkali usiolika, aandike upya.

Mtihani huo hauna upendeleo, na hakuna atakayeufaulu kwa kukariri. Siku utakapoanza kutahiniwa, mbivu na mbichi zitajulikana, na pevu pia.